Nauli Si Pesa ya Mfukoni: Kilomita Zako Zinatozwa Kodi Nawe Umenyamaza

Leo sitazungumzia viwavijeshi wala bei ya mbolea. Nataka tuzungumze kuhusu barabara. Ile unayoipita alfajiri ukiwa na viroba nyuma ya bodaboda, kutoka shambani hadi dukani, kutoka dukani hadi guliono, na usiku unarudi umechoka na vumbi hadi masikioni.

Nikikuuliza mwaka jana ulitumia shilingi ngapi barabarani, utaniambia nini? Nimewauliza wengi kwenye mikutano ya vijiji. Bei ya gunia wanaijua. Ushuru wa gulio wanaujua. Nikifika kwenye nauli, wanacheka. "Aa, bwana shamba, nauli ni pesa ya mfukoni tu."

Nasema wazi: neno hilo ndilo linalowamaliza. Nauli ya kazi si pesa ya mfukoni. Ni gharama ya biashara kama mbegu na vifungashio. Kwa kuwa huiandiki, wewe mwenyewe hujui kama unapata faida, na ofisi ya kodi nayo haina namna ya kujua. Tena hata ukiiandika, mfumo wa kodi wanaotumia wafanyabiashara wadogo wengi hapa Tanzania hauihesabu. Kwa hiyo leo nina ugomvi na watu wawili: wewe msomaji wangu, na waliotunga utaratibu huo. Nitaanza na wewe.

Mama wa vitunguu

Kuna mama mmoja katika kata ninayohudumia. Simtaji jina. Ana kazi mbili kama wengi wenu: ana bustani ya vitunguu na mboga, na ana biashara ya gulio ambapo huuza mazao yake pamoja na ya majirani anayoyanunua. Alinifuata akilia. Kaambiwa kodi yake ya mwaka ni shilingi 250,000. "Bwana shamba, hiyo pesa naitoa wapi? Mimi mwenyewe sijaishika."

Tulikaa chini ya mwembe tukapiga hesabu ya siku moja ya gulio. Nakuwekea hapa, uipige ya kwako pembeni.

Mauzo ya siku: 200,000.
Mzigo alionunua na gharama za bustani: 120,000.
Ushuru na vifungashio: 8,000.

Hapo mama alitabasamu. Ilibaki 72,000, na siku zote alijua hiyo ndiyo faida yake. Nikamwambia subiri, tuingie barabarani.

Bodaboda kutoka shambani hadi barabara kuu: 6,000.
Kirikuu ya kubeba mzigo hadi guliono: 12,000.
Mbebaji wa kupakia na kushusha: 2,000.
Kurudi jioni na mzigo uliobaki: 8,000.

Jumla 28,000. Faida ya 72,000 ikawa 44,000. Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana."

Kwa mwaka anakwenda gulio mara 50. Mauzo yake ni milioni 10. Barabara peke yake inameza shilingi 1,400,000. Kinachobaki mkononi ni 2,200,000, nacho ndicho kinachosomesha watoto, kinachotibu na kinacholisha nyumba. Ile kodi ya 250,000 ni faida ya magulio karibu sita. Yaani wiki sita anaamka saa kumi usiku, anapanda bodaboda kwenye baridi, na hapeleki nyumbani hata senti.

Kwa nini 250,000?

Hapa ndipo ugomvi wangu na wewe unapokolea, kwa hiyo soma taratibu.

Mfanyabiashara mdogo ambaye ni mtu binafsi na mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kawaida huangukia kwenye kodi ya makadirio. Kodi hii haiangalii faida. Inaangalia mauzo. Na kwa wenye mauzo madogo, sheria imeweka viwango viwili: cha mwenye kumbukumbu na cha asiye nazo.

Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka: kodi hii hakuna.

Mauzo yaliyozidi milioni 4 hadi milioni 7: asiye na kumbukumbu analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Ukiuza milioni 5, unalipa 30,000 badala ya 100,000.

Mauzo yaliyozidi milioni 7 hadi milioni 11: asiye na kumbukumbu analipa 250,000. Mwenye kumbukumbu analipa 90,000 na kuongeza asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7. Mama wetu wa milioni 10 angelipa 90,000 na nyingine 90,000, jumla 180,000.

Hivi ndivyo viwango ninavyofundishia. Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka mwezi Juni, kwa hiyo kabla ya kulipa kaulize ofisi ya TRA ya wilaya yako kama vimeguswa.

Umeona tofauti? Mama amelipa 70,000 zaidi kwa sababu hana daftari. Daftari kubwa la kaunta dukani halifiki hata shilingi elfu kumi. Na bado kuna watu kijijini wanaojiita wajanja wanaokunong'oneza: "Usiandike kitu, ukiandika watakujua." Ndugu yangu, wameshakujua. Una meza guliono, una leseni au kitambulisho, na unapokea pesa kwa simu. Usipoandika unakuwa umewaachia wengine wakuandikie, na anayekuandikia hajui kwamba kirikuu ilikwama kwenye matope siku nzima ukalipa mara mbili.

Aliyekwambia usiandike hakulipii ile 70,000. Mkatae.

Safari zipi ni za kazi?

Wengine wakisikia nauli ni gharama wanataka kuandika kila kitu, hadi safari ya harusi ya shangazi. Hapana. Huo nao ni udanganyifu, na unawaharibia wenzako wanaoandika kwa haki. Kwa biashara inayotozwa kwa faida, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu kutoa gharama zilizotumika zote kabisa, na kwa ajili ya kuzalisha mapato ya biashara hiyo tu. Matumizi yako binafsi na ya nyumba hayamo. Zigawe safari zako hivi:

1. Safari ya kazi hadi kazi. Kutoka shamba la biashara hadi guliono, kutoka gulio moja hadi jingine, kutoka dukani hadi mjini kufuata mzigo, kutoka ghalani hadi kwa mnunuzi. Hii ni ya biashara. Andika.

2. Safari ya nyumbani hadi kazini. Umeamka, umekunywa chai, umepanda baiskeli kwenda kufungua duka. Hii ihesabu kuwa ni yako. Iandike kwenye bajeti ya nyumba, usiibebeshe biashara.

3. Safari mchanganyiko. Umekwenda mjini kufuata sukari ya duka, ukapitia hospitali kumwona mgonjwa. Andika sehemu ya sukari tu. Kama ulilipa nauli ya mzigo na nauli yako pamoja, zitenganishe.

4. Safari kutoka kwenye ajira ya mshahara. Wapo wasomaji wangu walimu, wahudumu wa afya, walinzi, wenye duka au mradi wa kuku jioni. Mshahara hukatwa kodi kabla haujakufikia, na nauli yako ya kwenda kazini haipunguzi kitu hapo. Najua kwa sababu ni yangu pia: mafuta ninayotia kwenye pikipiki kwa pesa yangu ili nimfikie mkulima wa kitongoji cha mwisho hayapunguzi kodi ya mshahara wangu hata shilingi moja. Tena kumbuka: kodi ya makadirio ni kwa mtu ambaye mapato yake yote ya mwaka yanatokana na biashara. Ukiwa na mshahara na duka pamoja, usijipangie mwenyewe. Nenda ofisini ukiwa na daftari lako, wakueleze biashara yako inatozwaje.

Sasa zamu ya waliotunga utaratibu

Nimekusema vya kutosha. Sasa nawageukia wengine, maana hata ukiandika kila shilingi, bado kuna jiwe ndani ya kiatu.

Turudi kwa mama wa vitunguu. Tuseme ameandika kila kitu na analipa 180,000. Jirani yake ana duka kando ya barabara kuu, magari yanamshushia mzigo mlangoni. Naye mauzo yake ni milioni 10, mzigo wake milioni 6, ushuru na mengineyo 400,000. Barabara haimdai kitu. Anabaki na 3,600,000.

Kodi yake ni shilingi ngapi? 180,000. Ile ile.

Piga hesabu. Jirani wa barabarani ametoa shilingi 5 katika kila 100 ya faida yake. Mama wa ndani ndani ametoa zaidi ya 8 katika kila 100 ya faida yake. Aliyepata kidogo ametozwa zaidi. Na kosa lake ni moja tu: anaishi mbali na lami. Yule ambaye serikali haijamfikishia barabara nzuri ndiye anayelipia umbali mara mbili, kwanza kwa bodaboda, halafu kwa kodi. Maana ile 1,400,000 aliyowapa wenye vyombo vya usafiri imo ndani ya mauzo yake, na mauzo ndiyo yanayotozwa.

Linganisha na mwajiriwa. Mwenye mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi, sawa na 3,240,000 kwa mwaka, hakatwi kodi ya mapato. Ni vema, maisha ni magumu. Lakini mama anayebaki na 2,200,000 kwa mwaka, chini kabisa ya kiwango hicho, analipa 180,000 au 250,000. Mtu anieleze haki iko wapi hapo.

Najua jibu litakalotolewa. Watasema kodi ya mauzo ni rahisi, haihitaji mhasibu, na kwamba tukiruhusu kila mtu kutoa gharama za safari, watu watatunga safari hewa. Jibu hili lina ukweli ndani yake na silidharau. Nimewaona wanaoweza kwenda Kariakoo mara tatu kwa siku moja, kwenye karatasi.

Lakini tatizo hili lina dawa, na nchi nyingine wanaitumia. Marekani, mamlaka ya kodi hutangaza kila mwaka kiwango cha fedha kwa kila maili ambayo mtu aliyejiajiri ameendesha gari kwa ajili ya biashara. Kwa mwaka 2025 kilikuwa senti 70 kwa maili. Hadaiwi risiti ya kila lita ya mafuta. Anadaiwa daftari la safari: tarehe, alikokwenda, sababu, na maili ngapi. Huko nako si peponi, kwani tangu 2018 waajiriwa wengi hawaruhusiwi tena kutoa gharama za safari za kazi ambazo mwajiri hakuwarudishia. Ila kwa aliyejiajiri, umbali una bei inayojulikana na unapunguza mapato yanayotozwa.

Kwa nini sisi tusiwe na kitu kama hicho kwa wafanyabiashara wa vijijini? Kiwango kimoja kwa kilomita, cha bodaboda, cha guta, cha kirikuu. Umbali kutoka kijiji hadi gulio unajulikana, hausogei usiku. Siku za gulio zinajulikana. Mtendaji wa kijiji anakujua na anajua kama una meza. Ukidanganya kwamba ulikwenda gulio la Jumanne siku ya Alhamisi, mtoto mdogo atakuumbua. Kilomita ni rahisi kuhakiki kuliko mauzo. Mauzo ya mama wa vitunguu hayana shahidi, lakini umbali wa njia anayopita kila mtu anaushuhudia.

Basi diwani akija, mbunge akija, wataalamu wa bajeti wakiomba maoni, usiombe mpira na jezi peke yake. Simama useme: tunatozwa kodi kwa nauli. Lakini usisimame mikono mitupu. Simama na daftari. Malalamiko yasiyo na tarakimu hupigiwa makofi na kusahauliwa.

Mlango wa pembeni

Upo mlango ambao wengi hawaujui. Sheria inamruhusu mtu binafsi kuchagua kutotumia makadirio, atozwe kwa faida halisi. Huko ndiko nauli ya kazi inakotolewa. Kwa hesabu ya mama, faida ya 2,200,000 iko chini ya 3,240,000, kwa hiyo kodi yake ingekuwa sifuri. Angesahau kuandika safari zake, faida kwenye karatasi ingesomeka 3,600,000, na ile 360,000 iliyozidi ingetozwa asilimia 8, yaani 28,800. Hiyo ndiyo thamani ya kuandika nauli.

Ila usikurupuke. Mlango huo unataka hesabu kamili za mwaka, stakabadhi za manunuzi, na pengine mtaalamu wa hesabu ambaye naye anataka kulipwa. Ukiuza milioni 5 na kodi yako ni 30,000, mhasibu anaweza kukugharimu kuliko kodi yenyewe. Ukiuza milioni 10 na zaidi na unasafiri mbali, kaa chini upige hesabu, kisha ukaulize ofisini kabla mwaka haujaanza. Na kama huna daftari, mlango huu umefungwa kwako.

Daftari la barabara

Haya ndiyo nataka uanze wiki hii, usingoje Januari.

1. Nunua madaftari mawili. La kwanza ni la mauzo na manunuzi ya kila siku. Hilo ndilo msingi wa kumbukumbu zinazokushusha kutoka 250,000. La pili ni la barabara. La barabara peke yake halitoshi, usije ukaniambia bwana shamba alikudanganya.

2. Daftari la barabara liwe na safu sita: tarehe, kutoka wapi, kwenda wapi, sababu, chombo, kiasi ulicholipa. Ukitumia pikipiki yako mwenyewe, ongeza kilomita za kuondoka na za kurudi.

3. Ukinunua mafuta kituoni, dai risiti ya mashine. Ni haki yako na ni wajibu wao.

4. Bodaboda na mbebaji hawana mashine. Andika jina, namba ya simu na kiasi, kisha atie sahihi. Haina nguvu sawa na risiti, lakini ni bora mara mia kuliko kumbukumbu ya kichwani. Ukiweza, mlipe kwa simu ili ujumbe wa malipo ubaki.

5. Andika siku hiyo hiyo, kabla ya kulala. Safari iliyoandikwa baada ya mwezi ni hadithi.

6. Tunza madaftari na risiti kwa miaka mitano. Yafunge kwenye nailoni, yaweke mbali na panya na mvua.

7. Kila mwisho wa mwezi jumlisha. Gulio ambalo barabara inakula zaidi ya nusu ya faida, liache, au shirikianeni majirani watatu mkodi kirikuu moja.

Mama wa vitunguu alilipa ile 250,000. Hatukuweza kuirudisha, mwaka ulikuwa umekwisha na daftari halikuwepo. Aliuza mbuzi wawili. Lakini sasa ana madaftari yake, na jambo la kwanza yaliyomwonyesha halikuhusu kodi hata kidogo: gulio la pili alilokuwa akienda kila mwisho wa mwezi, la mbali, lilikuwa linamla. Alikuwa akilifanyia kazi bure kwa miaka. Ameliacha, na siku hiyo anapalilia bustani.

Wewe je, gulio gani linakula jasho lako kimya kimya? Hujui. Wala mimi sijui. Daftari lako ndilo litakalotuambia. Ukija ofisini kwangu kunilalamikia kodi, karibu sana, kiti kipo na chai ipo. Ila njoo nalo mkononi.

Kazi njema, na tukutane wiki ijayo.